Mate kwenye Kioo

Mumewe alitema mate ndani ya miwani ya kuzamia, akayasugua kwenye kioo kwa kidole gumba, kisha akaisuuza kwa maji ya bahari.

Mwalimu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafungua kapu la vifaa, akacheka. "Kumbe shemeji mzoefu! Hilo la mate nilikuwa bado sijawafundisha."

Mke akageuka. Tangu waoane, mume alikuwa akimwambia kuwa yeye na bahari ni mbalimbali. Ni mke aliyembembeleza mwezi mzima waje kwenye safari hii ya wanaoanza kujifunza. Asubuhi, tanga lilipojaa upepo na mashua kulala upande, mume alimng'ang'ania mkono, naye akafurahi moyoni kwamba leo ni zamu yake kumtuliza.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye simu tu. Watu wanaonyesha."

Akaridhika, au alitaka kuridhika. Mume akachukua miwani ya pili, akaitemea mate, akaisugua taratibu, huku akipiga soga na mwalimu. Akamvalisha mkewe kwa upole, akamtoa nywele usoni, akalegeza mkanda kisogoni.

"Usiikaze sana," akasema, "isije ikakuachia alama tena."

Mwalimu akaacha kucheka.

Mke akajigusa shavu, chini ya ukingo wa mpira. Hajawahi kuvaa kitu hicho maishani mwake.

"Mke wangu, nilitaka kusema..."

Mke akauma mpira wa kupumulia ili asimjibu, akashika ngazi, akashuka majini peke yake.