Mnofu Chini ya Wali

Zama hizo waliokaa pamoja bila ndoa hawakuhitaji kadhi wala padri. Jicho la ukutani, mtambo wa serikali uliowekwa kila nyumba, liliwatazama wakiishi, kisha likatamka kama ni mume na mke. Asiyetambuliwa hakuwa na haki ya kubaki na mgonjwa.

Semeni alikuwa ameishi na Shekiondo tangu ujana wao. Sasa mzee alikuwa hoi kitandani, na Jicho lingetamka jioni hiyo.

"Linataka kutuona tukila sahani moja," Semeni alisema.

"Makubwa! Uzee huu nianze kulishwa mbele ya ukuta?"

Kwao mwanamume alikula kwanza, mwanamke akala jikoni. Lakini miaka yote Shekiondo alifukia mnofu mmoja chini ya wali, ili Semeni aukute sahani ikirudi. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Jicho nalo liliona sahani tu, ikienda na kurudi.

Semeni akaketi kitandani, akafinyanga tonge, akamlisha. Mzee akatafuna polepole, kisha kwa mazoea akausukuma mnofu chini ya wali.

"Ule mwenyewe, baba! Leo tunakula wote!"

"Nimeshiba, bibie. Kula wewe."

Semeni akala, machozi yakimdondoka sahanini, macho yake ukutani.

Jicho likawaka. Likasema kwa upole, "Asante, mtumishi. Umemhudumia vizuri. Wauguzi wako njiani kumchukua. Tafadhali waachie mlango wazi."