Mama wa Wawili

"Soma," meneja alisema, akasukuma rundo la karatasi hadi ukingo wa meza.

Lerionka alisoma akiwa amesimama. Zilikuwa kurasa za blogu, zimechapwa kwenye mashine ya ofisi. Juu ya kila ukurasa palikuwa na jina la mwandishi: Mama wa Wawili. Mwanamke huyo alieleza maisha yake kwenye shamba la maua chini ya Mlima Meru. Jina la shamba hakulitaja, lakini kwa wanaolijua hapakuwa na haja. Alieleza wanavyoingizwa bandani dawa ikiwa bado mbichi kwenye majani. Ngozi ya vidole inavyobanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anavyorudi jioni akawabeba wanawe kwa viwiko, asiwaguse kwa viganja.

"Wanunuzi wa Ulaya wametafsiriwa haya yote, sasa wananiuliza mimi," alisema meneja, Bwana Richard. "Tangu intaneti ifike mjini kila mtu amekuwa mwandishi. Tena anaandika vizuri, mshenzi huyu. Mke wangu amesoma mpaka akalia."

Lerionka alihisi uso ukiwaka. Akainamia karatasi.

"Ni mwanamke, ana watoto wawili, na anayoyasema ni ya banda lako. Wewe ndiye msimamizi. Ijumaa nataka jina. Usipolileta naondoa banda zima, nikianza na wewe."

Banda namba mbili lilikuwa na wanawake kumi na mmoja, wakata mawaridi. Lerionka alikuwa amewasimamia miaka sita. Walimpenda kwa kuwa hakupiga kelele kama wasimamizi wengine. Saa ya chakula alikaa nao kwenye ndoo iliyopinduliwa, akala kimya, akawasikiliza. Siwema, aliyetoka Tengeru kila alfajiri kwa miguu, alimwita kaka. Siku alipoanguka kati ya matuta, mwezi Machi, Lerionka ndiye aliyempakia kwenye pikipiki yake hadi zahanati, akamngoja nje mpaka alasiri, akamrudisha nyumbani. Siwema alikuwa na mtoto wa kiume darasa la tatu, na wa kike wa miaka minne.

Wiki hiyo Lerionka hakukaa na wanawake. Alikula peke yake nyuma ya stoo, na siku nyingine hakula kabisa. Alhamisi alimwona Siwema akimfundisha mgeni mmoja namna ya kushika shina bila kuchomwa miiba. Walikuwa wanacheka. Alisimama akawatazama kwa muda mrefu.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini, akatamka jina moja, kisha akaomba maji ya kunywa.

Siwema aliitwa. Alikuja na aproni yake, mikono imelowa.

"Mimi?" alishangaa. "Bosi, mimi kompyuta nimeiona benki tu, tena kwa nyuma!"

"Hayo ya dawa hukuyasema wewe?"

"Ya dawa tunayasema wote. Lakini kuandika sijaandika."

Meneja alichomoa karatasi moja kwenye rundo, akasoma kwa sauti. "Walinirudisha nyumbani na mtoto ambaye hakuwa mtoto bado. Nilimfunga kwenye kipande cha kanga, nikamzika mwenyewe nyuma ya migomba. Sikumpa jina, nikiogopa nisije nikamwita."

Mikono ya Siwema iliyokuwa ikijitetea ilishuka polepole, ikashika aproni.

"Hili limekupata au halijakupata?"

"Limenipata," alisema, sauti haisikiki vizuri. "Lakini..."

"Basi."

Barua ilikuwa tayari. Ilibaki sahihi tu.

Lerionka ndiye aliyetakiwa kumsindikiza hadi langoni. Walipita kando ya mabanda. Wanawake wa namba mbili walitazama kupitia plastiki, hakuna aliyethubutu kutoka. Mlinzi alimpekua Siwema mfuko, hakukuta kitu zaidi ya sahani yake.

Nje ya lango aligeuka.

"Kaka, hilo la mtoto hata mume wangu hajui. Yeye nilimwambia ni malaria. Wamelitoa wapi?"

"Nenda nyumbani, dada."

"Labda ni yule nesi," alijijibu mwenyewe. Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, kwa kuwa viganja vingemuwasha. "Ahsante lakini, kaka. Wewe ulinitendea wema."

Akaenda. Lerionka alibaki ameshika nondo za lango mpaka mlinzi alipomuuliza kama anaumwa.

"Kesho kaangalie kama bado anaandika," meneja alimwagiza jioni ile.

Jumamosi mchana Lerionka alikwenda mjini, Sekei, akaingia kwenye intaneti kafe ya ghorofa ya chini na kuchagua mashine ya pembeni, inayotazama ukuta. Blogu ilifunguka taratibu, mstari baada ya mstari. Tangu Jumatatu hapakuwa na kitu kipya. Chini ya andiko la mwisho wasomaji walikuwa wameacha maoni mia moja na arobaini. Dada, mbona kimya? Dada, tunakuombea. Mmoja wa Mwanza aliandika kwamba humsoma kila asubuhi kabla ya kuingia kazini, na kwamba siku asipomkuta huwa hana raha.

Lerionka aliyasoma yote, kisha akarudia.

Akatazama nyuma. Hakuna aliyekuwa karibu. Akaandika neno la siri, na ukurasa mweupe ukafunguka mbele yake.

"Wapendwa wasomaji wangu," aliandika, "jana wamenifukuza kazi."