Bendera ya Mbeleko

Chama kinachokosa hata kiti kimoja bungeni hufutwa, na kitu kilichochorwa kwenye nembo yake hupigwa marufuku nchini. Atuganile alilijua hilo alipokichorea chama chao kidogo bendera nyeupe yenye nembo ya mbeleko nyekundu katikati. Aliamini kila mama angeiona na kuwapigia kura.

Walishindwa.

Asubuhi maofisa wawili walifika nyumbani. Dada yake, Tusajigwe, alimfungua mtoto mgongoni, akaikunja mbeleko na kuwakabidhi.

"Sasa nimbebe na nini?"

"Mikono bado inaruhusiwa, mama," alijibu mmoja wao. "Chama chenye nembo ya mikono kimepata viti."

Siku nzima watoto walilia mtaani, nyumba hadi nyumba.

Jioni Atuganile alirudi akiwa na uso mchangamfu. "Tunaanzisha chama kingine, dada. Wenzangu wamenipa nembo nichore. Safari hii tutashinda."

Tusajigwe alikuwa akisonga ugali kwa mkono mmoja, mtoto begani.

"Basi mdogo wangu, chora kitu tusichokihitaji."

Atuganile alishika penseli, akatazama chumbani kitu kimoja baada ya kingine. Karatasi ilibaki tupu.