Bei ya Chini Kabisa

Mume wangu alinisogezea simu kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimejaa mafuta ya ufuta na punje za wali aliokuwa akiukunja kwa mwani.

"Bonyeza wewe, Mama Sora. Kioo kinanikataa."

Hisa zetu za kampuni ya betri zilikuwa zimeporomoka asubuhi hiyo hadi kikomo. Sheria hairuhusu zishuke zaidi kwa siku moja. Kioo kizima kilikuwa buluu, rangi ya hasara.

"Mchuzi ukizidi chumvi, unaongeza maji," alisema. "Tulinunua ghali, tunaongeza kwa rahisi."

"Maji yenyewe ni pesa ya nyumba. Mwenye nyumba anaitaka Ijumaa."

"Masika uliniambia tusubiri. Zikapanda maradufu, sisi tukikodoa macho. Leo wajanja wote wa jiji hili la Daegu wako kwenye foleni ya kununua. Tukipata hata robo ya tunazoagiza, tushukuru."

La masika lilikuwa kweli. Nilijifuta kidole kwenye aproni, nikabonyeza.

Sikuwahi hata kukiinua kidole. Tulikuwa tumeuziwa zote, hadi hisa ya mwisho.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

Wali ulimponyoka. Hapakuwa na foleni ya wanunuzi. Tulikuwa sisi tu, na upande wa pili watu waliokuwa wakiomba apatikane mjinga mmoja.

"Uza," alinong'ona. "Uza sasa hivi, mke wangu."

Nikabonyeza. Agizo letu likaenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya wauzaji wote wa nchi.