Mfungua Kurasa wa Papa Gaston

Jocelyne alifungua kitabu juu ya piano, akashtuka. Kilikuwa kitabu chake cha kwaya.

Hicho na kile cha nota za tamasha, vyote viwili alikuwa amevivika karatasi ya kaki, kama walivyozoea shuleni Bukavu. Mchana ule, akitoka mbio kanisani Troyeville, hapa Johannesburg, alichukua kisicho chenyewe. Ndani mlikuwa na maneno ya Kiswahili matupu, bila nota hata moja.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Papa Gaston alikwishaweka vidole tayari.

Mzee huyu wa Kifaransa alikuwa mpiga piano na mtunzi. Alifundisha Bukavu miaka kumi, kisha Johannesburg thelathini. Jocelyne alimfanyia usafi nyumbani, na mwezi uliopita mzee alimwomba amfungulie kurasa kwenye tamasha.

"Papa, mimi nota naziona kama siafu tu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Siafu waache. Tazama kichwa changu. Nikiinamisha, fungua."

Jioni hii waliingia jukwaani wameshikana mikono, kabla kitabu hakijafunguliwa. Desturi ya Wafaransa, Jocelyne alidhani. Emery, mkurugenzi wa shule ya muziki alikofundisha mzee, aliwacheka mlangoni.

"Eish, Papa! Harusi lini? Ila leo ukikwama, Jumatatu unapumzika. Darasa nampa mwingine."

Hakuwa anatania. Barua ya kumstaafisha mzee ilikuwa tayari mezani kwake. Ilibaki sababu tu, na sasa Jocelyne ndiye aliyeileta.

"Papa," alinong'ona, "kitabu…"

"Shii."

Akaanza kupiga. Kichwa kiliinama, Jocelyne akafungua: wimbo wa Noeli. Kikainama tena: wimbo wa mazishi. Hakujua atazame kurasa au mlango. Lakini muziki haukukwama. Ulikuwa utunzi wa mzee mwenyewe, bila shaka alikuwa nao kichwani.

Ameona, Jocelyne aliwaza. Ameona, na ananisitiri.

Watu walisimama wakipiga makofi. Jocelyne alikifunga kitabu, akanyata hadi upande wa pili wa piano kumpisha Emery.

"Papa, umenishinda," Emery alisema. "Jumatatu tukutane darasani." Akageuka kuwapungia watu.

"Mshukuru huyu binti," Papa Gaston alijibu. "Bila nota zile mbele yangu, nisingefika hata nusu."

Akakigeukia kiti kitupu cha Jocelyne, akakitabasamia, akakinyooshea mkono.

Kumbe haoni. Jocelyne alizunguka piano mbio, akaudaka mkono ule kabla Emery hajageuka.