R Yenye Mkia

Mke wa Ramazani aliacha kubonyeza. Kati ya aina zote za herufi za ordinateri, ile kompyuta ya ofisi, hizi tu zilikuwa na R yenye mkia mrefu, kama ile mumewe aliyokuwa akiichora kwenye mitumbwi ya Rumonge kabla vita haijawatenganisha.

Ukurasa aliokuwa akiutengeneza ulikuwa wa mtandao, wa majina ya waliopotea vitani. Akaandika jina la herufi hizo kwenye faili linalopanga mwonekano wa ukurasa huo.

"Kama Ramazani yuko kule kambi ya wakimbizi Kigoma, akiufungua atajua ni mimi nimemuandikia," akasema.

Mwenzake wa ofisini alisita. "Mama, herufi hizi ziko mu ordinateri hii tu. Kule wataona zile za kawaida."

Aliugusa ule mkia kwenye kioo, polepole, hadi nchani.

"Usizibadilishe," akasema, akavuta kiti karibu zaidi.