Kiti Alichokitaka Ngiri

Palikuwa na Ngiri ambaye kila aliposikia jirani yake Kanga akisifiwa, chakula kilimshinda kumeza. Siku moja wazazi walimwomba Kanga agombee kiti katika kamati ya shule ya mbugani. Ngiri hakuwa na haja na kiti hicho, lakini akasimama papo hapo kugombea naye.

“Jamani, mtamchagua huyu mpiga kelele?” akawauliza wazazi. “Watoto hata mwalimu hawatamsikia!”

Maneno yakawaingia, Ngiri akashinda. Kanga akamwendea.

“Hongera, jirani. Kisima cha shule kimekauka, sasa wote tunakutegemea wewe.”

Basi Ngiri akawa anashinda kisimani akichimba kwa meno yake marefu, huku wazazi wakimuuliza maji yatatoka lini. Asubuhi moja, vumbi limemjaa mpaka puani, akamwona Kanga amejilaza juani na vifaranga wake, anacheka. Akarudi nyumbani amenuna.

“Kanga amekukosea nini tena?” mkewe akauliza. “Kiti si umekipata wewe?”

“Nimekipata,” Ngiri akajibu kwa uchungu. “Sasa nataka kile alichobaki nacho.”